Dakika Mbili kwa Mama

Kashai, Bukoba
19 Novemba 2023

Kwako Mama mpendwa,

Kasinge waitu, shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu haukusumbui tena. Mimi huku sijambo, kifua kimepona, na jirani yangu Farida anakusalimu sana.

Kondakta wa basi atakukabidhi bahasha hii pamoja na simu. Usishtuke. Ni ile simu yangu ya zamani ya kupangusa. Kioo kina ufa pembeni, lakini inaonyesha vizuri. Sikukutumia ili unipigie. Najua tangu ile homa ikuharibu masikio simu kwako ni kelele tu, ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani. Nimekutumia ili utazame.

Bado nasubiri ajira ya ualimu, Mama. Mchana nashinda kwenye duka la watu nikitoa fotokopi, na Biolojia yangu yote na Jiografia zimekaa kichwani bila mtu wa kumpa. Basi mimi na Farida tumeanza kutengeneza video fupi. Kila moja ni dakika mbili, haizidi. Mimi naeleza, yeye anarekodi. Hatuchagui somo. Tumeeleza kwa nini kitunguu kinaliza, kufuli linaujuaje ufunguo wake, na kwa nini mwanga wa radi unafika kabla ya ngurumo. Tunazituma kwenye makundi ya simu, na watu wenyewe wanazipeleka mbele hadi kwa watu nisiowajua.

Zote tunaziandikia maneno chini ya picha, herufi kubwa, kwa hiyo huhitaji kusikia chochote. Anza na ya senene, maana msimu ndio huu. Bonyeza alama ya pembetatu, halafu usiguse tena.

Nisalimie jirani yako, Mama Anatolia.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu, Muleba
3 Desemba 2023

Mwanangu Evelyne,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, mguu unauma asubuhi tu, ukipata jua unanyamaza. Nashukuru kusikia kifua kimepona. Usilale na dirisha wazi.

Simu niliiweka juu ya kabati nikawa naipita kwa mbali. Jumapili Anatolia alikuja tuchambue senene, ndipo nikaishusha. Tulikuwa na ndoo katikati yetu, tunang'oa mabawa na miguu huku tunatazama. Ukatokea wewe na gauni lako la bluu, mdomo unacheza, na chini maneno yanapita. Yakasema: masikio ya senene yako kwenye miguu yake ya mbele, chini kidogo ya goti.

Mikono yetu ilisimama. Nilichukua mmoja nikaupeleka mguu wake kwenye mwanga wa dirisha. Kweli, kuna kaufa kadogo pale, kama kamechorwa kwa ncha ya sindano. Nimekula senene tangu sina meno, nimeng'oa miguu hiyo ndoo kwa ndoo, na kumbe siku zote nilikuwa nang'oa masikio. Anatolia akanisogelea sikio la kulia, ambalo lina nafuu, akasema, "Basi hawa walitusikia tunakuja."

Tuliwakaanga, tukawala. Ila tulikula polepole.

Nitumie nyingine, ya kitu chochote kile. Isipokuwa ziwa. Ziwa usinionyeshe.

Mama yako,
Immakulata


Kashai, Bukoba
21 Januari 2024

Mama mpendwa,

Habari za mwaka mpya, na habari za kibanja? Migomba inaendeleaje, na kahawa imeshikaje? Huku tuko salama, joto tu na vumbi la bodaboda.

Kuhusu ziwa nimekuelewa, na hukuwa na haja ya kuniambia. Tangu mtumbwi wa kaka Kyaruzi uokotwe mtupu kule kisiwani Goziba na yeye asipatikane, nimeona jinsi ulivyoufunga mlango wa mbele kwa sababu unatazama majini, ukawa unaingilia jikoni. Mwaka wa nne sasa. Kwenye memori kadi yako halitaingia.

Ninakutumia tatu kwenye kadi hii, kondakta atakuwekea ndani ya simu. Ya kwanza ni ya mwezi: kwa nini unatugeuzia uso uleule kila siku na mgongo wake hatujauona kamwe kutoka hapa duniani. Ya pili ni ya mgomba. Ile tunayoiita shina siyo shina, ni majani yaliyokumbatiana, na vile vitone vyeusi ndani ya ndizi mbivu ni mbegu zilizoshindwa kukomaa. Ya tatu tuliipiga kwenye maabara ya shule moja, tulikoruhusiwa kutumia hadubini. Ni tone moja la maji ya kwenye mfereji wa mtaani kwetu. Sikuambii kilichomo.

Wakati wa kurekodi hiyo ya tatu Farida alisahau kazi akawa anasogea ili naye aone, utaona picha inacheza. Haikuwa hadubini, alikuwa yeye.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu, Muleba
11 Februari 2024

Mwanangu Evelyne,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, kahawa imeshika vizuri upande wa chini, upande wa juu hafifu.

Ile ya tone tumeitazama hadi simu ikazima. Tuliichaji kwa sola ya Anatolia, tukaitazama tena. Sasa wanawake wa jumuiya wakimaliza rozari hawaondoki. Wanakaa chini, simu tunaiegemeza kwenye debe la unga, na mimi nawasomea maneno kwa sauti kwa sababu wengine macho hayaoni vizuri. Kiziwi anawasomea wasioona. Tulicheka sana kwa hilo.

Lakini kwenye tone hatukucheka. Yule mdudu mwenye nywele zinazozunguka mdomoni, na yule mwingine wa kijani anayejiviringisha kama mpira, na wote wanaishi mahali ambapo mimi ningefuta kwa pindo la kanga. Jovitha, yule mke wa katekista, aliuliza kama wanajua kuwa kuna sisi. Tuliondoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri, kama watu waliotoka kuona maiti au mtoto mchanga, sijui kipi.

Tangu siku hiyo natembea vibaya. Nikienda kisimani nasimama. Nikikata ndizi nasimama. Jioni moja nilikaa nje nikautazama mwezi kuanzia unachomoza hadi ugali ukaungua jikoni. Nina miaka sitini na tatu, na ndiyo kwanza natambua kuwa una mgongo.

Jovitha anataka kujua kwa nini watu wanapiga miayo wakimwona mwingine anapiga. Mimi nataka kujua chumvi imetoka wapi.

Mama yako,
Immakulata


Kashai, Bukoba
25 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa sina uhakika. Nimekuandikia mara mbili na kukutumia ya miayo na ya chumvi. Kondakta anasema ulizipokea kwa mkono wako, ukamshukuru, ukaingia ndani.

Leo nimekutana sokoni na binti wa Mama Anatolia, naye ameniambia kilichotokea. Kwamba baada ya Misa, nje ya kanisa, msichana mmoja alikuwa akionyesha watu video kwenye simu yake, nawe ukasogea kwa furaha ukidhani ni mpya ambayo hujaletewa. Nayo ilikuwa ya ziwa.

Mama, mvua za mwezi huu zilizidi, watu wakawa wanatuuliza kila siku: mvua yote hii Bukoba inaitoa wapi, mbona upande wa Musoma hawapati kama sisi? Sikuweza kulijibu hilo swali na kuliruka ziwa. Nikaitengeneza, nikahakikisha haiingii kwenye kadi yako, nikajiona nimekulinda. Sikufikiria kwamba video zinatembea zenyewe. Imekukuta mbele za watu, bila mimi kukuambia. Hilo linaniuma.

Ukiniambia niifute nitaifuta. Waliokwisha kuipokea siwezi kuwanyang'anya, lakini ya kwangu nitaifuta. Naomba tu uniandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu, Muleba
14 Aprili 2024

Mwanangu Evelyne,

Salamu kwako na kwa Farida. Mimi mzima wa mwili.

Usiifute.

Nitakueleza ilivyokuwa ili usiendelee kuumia. Nilipoona ni ziwa nilitaka kugeuka. Lakini ulikuwa umeshika sufuria, nami nikasubiri nione sufuria inafanya nini. Ukachemsha maji, ukafunika, ukafunua mfuniko na kuugeuza, matone yakawa yananing'inia. Halafu maneno yakapita: sehemu kubwa ya maji ya ziwa letu haiendi Misri na mto. Hupanda hewani kimya kimya kila siku, upepo unayasukuma upande wetu, nayo yanatuangukia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mvua ikanikuta njiani, ikanifuata hadi mlangoni. Nikaitazama inavyotiririka kwenye bati, inaingia kwenye mfereji, inaingia kwenye tangi. Tangi ninalonywa. Miaka yote hii nimefunga mlango ili nisilione ziwa, na lilikuwa linakuja lenyewe, linagonga bati, nalipikia maharage, nanawia uso.

Nilifungua bomba la tangi, nikaacha maji yamwagike uani. Anatolia alinikuta nimekaa kwenye ngazi, viatu vimelowa, akalifunga. Akauliza, "Nani kakukosea?" Kesho yake mvua ikanyesha, tangi likajaa tena.

Nilikaa hivyo siku nyingi. Chakula hakikunipendeza. Halafu asubuhi moja ilinyesha ile mvua nene inayokuja na jua. Sijui ni nini kilinisukuma, nikatoka nikasimama katikati ya kibanja bila kanga kichwani. Siisikii mvua, unajua, lakini naiona inavyogonga majani. Kila jani la mgomba lilikuwa linatikisika, na mimi nikijua kila tone lilikotoka. Nilisimama hadi gauni likanigandia mwilini. Niliogopa, Evelyne, lakini si ile hofu ya kutaka kukimbia. Ni kama ile ya kanisani, wakati wa mageuzo, padre anapoinua hostia na kila mtu anainamisha kichwa.

Sasa nakuuliza jambo moja, na unijibu kama mwalimu, usinijibu kama mtoto wangu. Kaka yako yuko wapi?

Mama yako,
Immakulata


Kashai, Bukoba
21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani.

Umeniambia nijibu kama mwalimu. Basi mwalimu anaanza na asichokijua. Sijui alipo. Ziwa ni kubwa, lina mikondo, na hakuna chombo kinachoweza kumfuata mtu mmoja baada ya muda huu.

Ninachokijua ni hiki. Mifupa hukaa. Imelala chini kwenye tope laini, mahali ambapo mawimbi hayafiki. Lakini mwili wa mtu sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayo ziwa halikuyaweka pembeni. Yalichanganyika na mengine. Na mengine, umeona mwenyewe, hayakai. Yanapanda, yanashuka, mengine yanatoka na mto hadi baharini kabisa.

Siwezi kukuambia kwamba mvua uliyosimama ndani yake ilikuwa na kitu cha Kyaruzi. Siwezi pia kukuambia kwamba haikuwa nacho. Nimekaa na sentensi hizo mbili tangu juzi na sioni namna ya kuzifupisha.

Hilo ndilo jibu la mwalimu. La mtoto wako ni kwamba nami namtafuta. Nikisikia mtu anapiga mluzi nyuma yangu mtaani bado nageuka.

Mwanao,
Evelyne


Kamachumu, Muleba
6 Mei 2024

Mwanangu Evelyne,

Salamu. Nimesoma jibu lako mara nyingi. Ni jibu zuri. Ungenidanganya ningejua.

Nakwenda Goziba. Wachuuzi wa dagaa wamenipelekea ujumbe kwa Rugaibula, yule kijana aliyekuwa mtumbwi mmoja na kaka yako akaokolewa. Alikuja hapa wakati wa msiba nikakataa kumwona. Amejibu kwamba atanipokea.

Usije. Ukiwepo nitakuwa nakutazama wewe usianguke majini, na mimi nimekwenda kutazama. Anatolia atamwagilia miche ya kahawa.

Mama yako,
Immakulata


Kashai, Bukoba
9 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Kondakta anasubiri nje, naandika haraka. Tafadhali ningoje hadi Jumamosi tu. Hata nisipopanda nawe, nikusindikize mwaloni, boti zinakopakilia. Boti za kule zinachukua saa nyingi, na wewe hujawahi kupanda hata ya kuvuka mto. Hutasikia watu wakikupigia kelele za hatari. Kama huwezi kuningoja, usipande boti asubuhi yenye upepo, na usikubali kukaa bila jaketi la kuokolea, hata wakikucheka.

Nijibu kwa gari la leo.

Mwanao,
Evelyne


Goziba
23 Mei 2024

Mwanangu Evelyne,

Salamu kutoka kisiwani. Mimi mzima kabisa. Kama uliniandikia, sikuipata, niliondoka mapema. Naomba usiwe na hasira. Najua ungeniuliza: jaketi la kuokolea nilivaa, la rangi ya chungwa, na hakuna aliyenicheka.

Mwanzo nilifumba macho. Boti inatetemesha miguu na tumbo, na maji yanakurukia usoni. Mama mmoja mchuuzi akanigusa bega akaninyooshea kidole, nikafumbua. Hakukuwa na nchi kavu popote. Nilitafuta mlima wetu, hakuna. Nilikuwa nalifahamu ziwa la kutoka mlangoni, lile lenye ukingo. Hili halina. Ni anga juu na anga chini, na sisi katikati kama wale wadudu wa kwenye tone lako. Nikamkumbuka Jovitha na swali lake.

Rugaibula alikuwa amesimama ufukweni na kofia mkononi. Amekuwa mtu mzima, ana mke na mtoto. Watu walijaa, nyavu zimetandazwa, dagaa wameanikwa hadi karibu na milango. Akawageukia akasema jambo, na wote wakanipisha. Nilimwomba alirudie karibu na sikio langu. Alikuwa amesema, "Huyu ni Mama Kyaruzi." Tangu msiba watu wa nyumbani wameniita Mama Eva, kwa kunihurumia. Sikujua nimelikosa jina langu kiasi hicho. Ilibidi nishike mkono wake.

Alinieleza tumekaa kwenye kizingiti chake, polepole, akisimama kila nilipomwomba asimame. Upepo uligeuka wakiwa wanarudi, mtumbwi ukapinduka. Kulikuwa na dumu moja tupu la kushikilia. Rugaibula alikuwa anameza maji. Kyaruzi akamsukumia dumu akamwambia, "Shika hili, mimi nina ubao." Rugaibula anasema hakuuona ubao wowote. Alisema hivyo akiangalia chini, kama mtu anayengoja kupigwa. Nikamwambia Kyaruzi hata utotoni alikuwa akimpa mwenzake kilicho chake na kusema kwamba ana kingine. Nawe unajua ni kweli. Akalia, mkewe akamletea maji, na mimi nikampangusa uso kwa kanga yangu.

Leo asubuhi amenipeleka. Tulikwenda mbali, kisiwa kikawa kama jiwe. Halafu nikahisi miguuni kwamba boti imeacha kutetemeka. Alikuwa amezima injini. Nikamuuliza, "Ni hapa?" Akasema, "Ni hapa au ni karibu na hapa, Mama. Maji hayashiki alama." Alikuwa mkweli kama wewe.

Nilitazama kila upande. Upande wa mashariki kulikuwa na wingu linasimama juu ya maji, linakua huku nalitazama, jeupe juu, jeusi chini. Halikutoka mahali pengine. Lilianzia palepale. Chini yake mvua ikaanza kushuka kama nguzo za kanisa, moja, halafu nyingine, na kati ya nguzo jua likapita. Upepo ulikuwa unazisukuma kuja kwetu, na nyuma yetu, mbali, ndiko nyumbani. Rugaibula alivua kofia. Ameishi humu tangu kijana, na alivua kofia. Nikamweleza maji yanavyopanda, kama ulivyoeleza na sufuria yako, naye akasikiliza kama mtoto wa shule. Akasema, "Kwa hiyo siku zote ninazovua, niko pale inapoanzia."

Nikatoa rozari, nikasali nikamaliza. Halafu nikainama nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko.

Evelyne, maji ya ziwa ni ya uvuguvugu. Yako kama yale ninayopima kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto. Nilimuuliza Rugaibula kama na huko chini ni hivyohivyo. Akasema hata nyavu zinazotoka chini kabisa hutoka na joto hilohilo.

Miaka yote hii nilikuwa nadhani mwanangu yuko kwenye baridi.

Niliuacha mkono humo ndani hadi mvua ikatufikia.

Mama yenu,
Immakulata